Sasa Nikiharakishwa, Nasimama

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Ninaishi mtaa wa Nyalenda B, Kisumu. Siku yangu huanzia ufuo wa Dunga mashua zinaporudi alfajiri, na huishia jioni kando ya Ring Road nikikaanga mbuta na ngege na kupima omena kwa gorogoro. Sikusomea kompyuta. Huku kwetu mtu akisimama na kusema ana ushuhuda, watu hutega masikio wasikie jinsi alivyookoka. Wangu unahusu simu. Ni ushuhuda wa jinsi chama cha akina mama wachuuzi kilivyoacha mazoea yake ya zamani, na jinsi nami nilivyoacha yangu.

Niliamini kwamba wizi wa mtandaoni ni shida ya mabenki na matajiri. Nilimwazia mwizi huyo kuwa kijana mwerevu aliyejifungia chumbani na kompyuta tatu, akivunja mifumo ambayo hata sijui ilipo. Mwenye simu iliyopasuka kioo na salio la nauli ataibiwa nini? Leo najua kwamba wizi mwingi unaotufikia mitaani hauvunji mfumo wowote. Mwizi anamhitaji mwenye simu amfanyie kazi: amsomee tarakimu, abonyeze kiungo, atume pesa kwa kidole chake mwenyewe. Na mtu mwenye akili timamu hafanyi mambo hayo mpaka kwanza aharakishwe. Badiliko langu lote limo humo.

Siku ya "tuma kwa hii namba"

Chama chetu ni nyoluoro ya kawaida. Tunachanga, mmoja wetu anapokea, zamu inazunguka, na kiasi kidogo kinabaki benki kwa ajili ya msiba na karo. Mambo yetu mengi huenda kwenye kundi la WhatsApp: nani amelipa, nani amefiwa, bei ya samaki leo ikoje.

Siku moja adhuhuri mwenyekiti wetu alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya ofisini. Alimtaja kwa jina, akalitaja jina la chama, akamwambia kuna semina ya mtandaoni kwa viongozi wa vikundi vya akina mama na kwamba watakaohudhuria watapata ruzuku. "Mama, utaona tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako. Zisome haraka nikuandikishe, nafasi zimebaki mbili." Tarakimu ziliingia kweli. Akazisoma.

Muda mfupi baadaye WhatsApp yake ilimtoa nje. Alidhani bando limeisha, akairudisha simu kwenye leso na kuendelea kupanga sukuma wiki. Wakati huohuo, kwenye kundi letu, picha yake na jina lake vilikuwa vinaongea: "Dada zangu, nimekwama hospitalini na mtoto wa ndugu yangu. Wanataka pesa kabla ya kumhudumia na M-Pesa yangu imefika kikomo cha leo. Mwenye chochote atume kwa hii namba, jioni narudisha."

Akina mama wakatuma. Mmoja alitoa mtaji wa kesho yake. Mwingine alichukua mkopo wa Fuliza. Mimi sikutuma, wala si kwa ujanja. Simu yangu ilikuwa imezima kwa kukosa chaji tangu asubuhi. Ingekuwa inawaka ningetuma pia, maana mwenyekiti yule ndiye aliyenifundisha biashara.

Tuligundua vipi? Mmoja wa waliotuma alipita kibandani kwa mwenyekiti jioni. Akamwambia, "Pole sana dada, mtoto anaendeleaje?" Mwenyekiti akamtazama. "Mtoto gani?" Yawa! Pale pale sukuma ilisahaulika. Walipopiga simu kwa mtandao wao kuomba pesa zirudishwe, zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti mji mwingine. Tulikwenda polisi, tukaandikiwa nambari ya OB. Pesa hazikurudi mpaka leo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotuokoa. Tulipokutana, wengine walitaka mwenyekiti alipe. Mama mmoja mzee, anayeuza omena tangu enzi za soko la zamani, akasema tukimwadhibu aliyesema, mara nyingine aliyetapeliwa atanyamaza, na mwizi atapata wiki nzima ya kutumaliza badala ya nusu siku. Tukagawana hasara. Sijasikia ushauri bora zaidi kuhusu usalama wa simu, na ulimtoka mama asiyejua kusoma meseji.

Kijana wa saiba

Jumapili iliyofuata tulimwalika kijana anayeendesha saiba karibu na Pandpieri, yule anayetujazia fomu za KRA na eCitizen. Nikamwambia, "Nyathina, tueleze polepole, kama unawaeleza watoto." Akacheka, akasema, "Mama, nitawaeleza kama watu wenye pesa."

Alianza na zile tarakimu sita. WhatsApp haimjui mtu kwa sura, inaijua nambari ya simu. Ukinunua simu mpya na kuandika nambari yako, kampuni hutuma tarakimu sita kwa ujumbe mfupi kwenda kwenye laini hiyo, na anayezijua huhesabiwa kuwa ndiye mwenye laini. Yule mtapeli aliandika nambari ya mwenyekiti kwenye simu yake mwenyewe, tarakimu zikatumwa kwa mwenyekiti, na sauti ya ofisini ikaziomba. Hakuna semina, hakuna ruzuku. Ujumbe ule ule ulioleta tarakimu uliandika waziwazi kwamba zisipewe mtu, lakini nani husoma maandishi ya pembeni akiambiwa nafasi zimebaki mbili?

Dawa yake imo ndani ya WhatsApp yenyewe. Nenda kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo unaweka tarakimu sita nyingine unazozichagua mwenyewe, ambazo hazitumwi kwa ujumbe wowote. Zinakaa kichwani mwako. Ni kama kufuli ya pili ambayo fundi aliyechonga ufunguo wa kwanza haijui. Mwizi akizipata zile za kwanza, atakwama kwenye za pili. Alituonya pia kwamba mwizi akituwahi na kuziweka yeye, huenda tukafungiwa nje ya akaunti zetu kwa siku saba. Basi kila mama akaziweka zake pale pale, miwani ikipitishwa kutoka pua moja hadi nyingine.

Alituonyesha pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ambako WhatsApp huorodhesha kompyuta zote zinazosoma jumbe zako. Mama mmoja alikuta kompyuta asiyoijua. Akakumbuka kwamba aliwahi kufungua WhatsApp yake ofisini kwa mtu ili achapishe risiti. Miezi yote hiyo jumbe zake zilikuwa zikisomeka kule. Akaifuta.

Nambari ya siri na kitambulisho ndani ya kava

Kisha akatuuliza swali lililotunyamazisha: nani hapa nambari yake ya siri ya M-Pesa ni mwaka wa kuzaliwa? Hatukujibu, tukatazamana. Akauliza tena: na nani hapa huweka kitambulisho ndani ya kava la simu?

Hesabu yake ni hii. Nambari ya siri yenye tarakimu nne inaweza kuwa yoyote kati ya 0000 na 9999, yaani uwezekano 10,000. Mwizi akikosea mara chache, huduma inajifunga. Kwa hiyo tarakimu nne zinatosha kabisa, ilimradi asijue pa kuanzia. Lakini miaka ya kuzaliwa ya watu wazima walio hai haifiki mia. Na ukiwa umembebea kitambulisho ndani ya kava, hana haja ya kubahatisha: jaribio la kwanza linatosha. Anayekunyang'anya simu kwenye msongamano wa Kibuye siku ya Jumapili anaondoka na simu, jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya siri, vyote kwa mpigo mmoja.

Tangu siku ile kitambulisho changu kinakaa mbali na simu. Nambari yangu ya siri haifanani na mwaka wowote wa familia yangu, wala na tarakimu za mwisho za simu yangu. Na laini yenyewe nimeifunga kwa nambari yake ya siri, jambo ambalo wengi hawajui kama lipo. Kufunga kioo cha simu pekee hakutoshi, kwa sababu mwizi huitoa laini na kuitia kwenye simu nyingine, kisha anaanza kupokea tarakimu za kuthibitisha za akaunti zako zote. Laini iliyofungwa huuliza nambari yake kila simu inapowashwa, hata ikitiwa kwenye simu nyingine.

Kuna wizi mwingine wa laini usiohitaji hata kuishika simu yako. Wakenya wanaujua kwa jina la Mulot, kituo cha biashara kilicho mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, ambako wapelelezi wa DCI wamewakamata washukiwa mara nyingi. Mtapeli hukusanya jina lako, nambari ya kitambulisho na vijihabari vingine, kisha anafanya laini yako ihamishiwe kwenye kadi nyingine iliyo mikononi mwake. Dalili yake ni moja: mtandao unapotea ghafla kwako huku jirani mwenye laini ya kampuni ile ile akiongea vizuri. Usikae kusubiri urudi. Azima simu, piga kwa kampuni ya simu na kwa benki yako, mara moja. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# ili laini yao isibadilishwe na mtu wa mbali, na *106# ili kuona ni nambari zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Mama mmoja chamani alikuta nambari ambayo hakuisajili.

Utauliza, mtapeli anapata wapi habari zangu? Mara nyingi tunampa sisi. Mwaka 2022, Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kila laini iwe imesajiliwa ipasavyo, kwanza kufikia tarehe 15 Aprili na baadaye 15 Oktoba, matapeli walipata kisingizio kizuri: "Laini yako inafungwa leo, taja nambari ya kitambulisho." Agizo lilikuwa la kweli, anayepiga simu ndiye alikuwa wa uongo. Tapeli hodari hujificha nyuma ya habari iliyo kwenye redio asubuhi hiyo.

Mezani kwangu pa samaki

Sasa nieleze biashara, maana huko ndiko nilikobadilika zaidi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na huku ziwani leo hata samaki wa shilingi hamsini hulipiwa kwa simu. Zamani mteja akinionyesha ujumbe kwenye simu yake, "nimeshatuma mama", nilimfungia samaki. Siku hizi simtolei samaki mpaka simu yangu mwenyewe iseme. Na ikisema, natazama aliyeandika. Ujumbe wa kweli unakuja kwa jina la MPESA; wa uongo unatoka kwenye nambari ya kawaida ya mtu, ingawa maneno yake yamenakiliwa neno kwa neno. Nikiwa na shaka, nauliza salio. Salio halijui kudanganya.

Ujumbe wa uongo huwa na mwenziwe: simu ya haraka. "Mama, nimekutumia kimakosa, ni pesa za dawa, nirudishie tafadhali." Zamani huruma yangu ingeniponza. Sasa ninamjibu kwa adabu kwamba aliyekosea kutuma kwa Safaricom anapeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwenye 456, na kampuni yenyewe itashughulika. Mkweli anakubali. Tapeli anatukana. Ujumbe wa utapeli wenyewe naupeleka 333, bila malipo, ili nambari hiyo ichunguzwe.

Na kabla sijatuma pesa popote, nalisoma jina linalotokea. Siku ile ya maafa, kila aliyetuma aliona jina la mwanamume asiyemjua, na vidole vikaendelea kubonyeza. Jina lile ni ukaguzi wa bure kabisa. Ukiona jina geni, simama.

Miezi michache baadaye nilipigiwa na mtu aliyesema anatoka Safaricom, akisema kuna hitilafu kwenye akaunti yangu na inafungwa baada ya dakika tano. Nikamwambia, "Sawa mwanangu, kata nitakupigia mimi, ama nipigie kwa 0722 000 000." Hiyo ndiyo nambari ambayo kampuni imekuwa ikiwatangazia wateja kwamba inaitumia kuwapigia. Akanitukana tusi la Dholuo, nikajua angalau ni mtoto wa nyumbani. Na hata simu ingetoka nambari gani, hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni ya simu au benki anayehitaji nambari yako ya siri. Yeye hana pa kuiandika.

Neno la siri na daftari la saiba

Kijana wetu wa saiba alikuwa na ujasiri wa kusema jambo linalomgusa yeye mwenyewe. Watu wa Nyalenda wengi hawana barua pepe yao. Wanayo ya saiba. Mhudumu humfungulia mteja akaunti ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, au ya eCitizen, anachagua neno la siri, analiandika kwenye daftari lililo kaunta, na mteja anaondoka. Daftari moja linabeba maisha ya mtaa mzima. "Mimi si mwizi," alisema, "lakini daftari linaweza kuibwa, na mimi naweza kuhama."

Nilichukua akaunti yangu nikabadilisha neno la siri kwa mkono wangu. Hapo nikajifunza jingine. Kwa miaka mingi watu walishauriwa waweke herufi kubwa, namba na alama za ajabu, na wabadilishe kila mara. Ushauri huo ulienea kutokana na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mwaka 2017 Burr mwenyewe alisema anajutia sehemu kubwa ya alichoandika, na mwongozo mpya wa mwaka huo ukaweka mkazo kwenye urefu. Neno la herufi sita ndogo lina mipangilio zaidi ya milioni 300, na idadi hiyo kwa kompyuta ni kazi ya muda mfupi tu. Maneno manne yasiyohusiana ni mlima mkubwa kuliko huo. Sisi wa huku tuna bahati: changanya Dholuo, Kiswahili na Kiluhya mstari mmoja, na utapata neno refu utakalolikumbuka bila alama za ajabu. Ila usitumie neno moja kila mahali. Na la barua pepe liwe la pekee kabisa, kwa sababu ukisahau maneno mengine yote, barua pepe ndiyo itakayotumiwa viungo vya kuyabadilisha. Aliye nayo anayo yote.

Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti kabla hujainuka, na futa nakala ya kitambulisho uliyochanganua. Ukitumiwa kiungo, soma anwani yake kutoka mwisho wa jina. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na .go.ke, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina. Anwani inayoanza kwa jina la serikali na kuishia kwa jina jingine ni mali ya huyo wa mwisho. Na zile habari za "kampuni inaadhimisha miaka yake, pata bando la bure, sambaza kwa watu kumi" tumezipiga marufuku chamani. Anayezileta analipa faini ya soda.

Kitu kingine tulichokuwa tukikidharau ni ule ujumbe wa simu kwamba programu ziko tayari kusasishwa. Tuliuona ni wizi wa bando. Kijana akatusimulia habari za WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 programu hiyo hasidi ilianza kufunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia; nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Ilipenya kupitia tundu kwenye Windows ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake mwezi Machi. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Sasa nikipata bando nzuri, nasasisha kwanza, video za vichekesho baadaye.

Vinavyotuzidi nguvu

Sitaki mtu adhani ukifuata haya basi dunia imekuwa salama. Julai 2023 huduma za eCitizen zililemewa na mafuriko ya maombi ya uongo, na watu wakakwama bila huduma. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitapa kuhusika. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea, na Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani wakatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan. Hapo mama wa Nyalenda hana la kufanya ila kutunza nakala ya stakabadhi zake muhimu mahali pengine.

Lakini kuna ambayo sheria imetupa nguvu, nasi hatuitumii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema habari zako ni zako, na kuna Kamishna wa Data wa kumshtakia. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu wengine kuwasumbua wakopaji kwa vitisho. Kama umewahi kupigiwa na mkopeshaji kuhusu deni la binamu yako, unajua nasema nini. Programu ya mkopo ikiomba kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako, jua dhamana ya mkopo huo ni jamaa na majirani zako. Mimi huinyima ruhusa. Ikikataa kufanya kazi, naifuta.

Mwaka huohuo maelfu walipanga foleni Nairobi wapigwe picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa malipo yaliyokuwa kama shilingi elfu saba, mpaka serikali ilipousimamisha mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Sikuwalaumu waliokwenda, elfu saba ni mtaji. Lakini neno la siri likivuja utalibadilisha. Jicho utalibadilisha na lipi?

Tunavyoishi sasa

Chama chetu kina kanuni mpya, na tunazisoma mwanzoni mwa kila mkutano, kabla ya maombi. Hakuna pesa inayotumwa kwa ombi la maandishi, hata likitoka kwa mwenyekiti, hata likiwa na picha yake. Anayeombwa hupiga simu ya kawaida kwa nambari aliyoijua tangu zamani, na siyo ile iliyotajwa kwenye ujumbe, kisha anauliza jambo ambalo sisi wenyewe tu tunalijua, maana siku hizi kompyuta inaweza kuiga hata sauti. Pesa za benki hazitoki bila watia saini watatu. Aliyetapeliwa, au hata anayeshuku tu, anatangaza saa hiyohiyo, na hakuna anayemcheka. Kanuni hii ya mwisho ndiyo imetusaidia kuliko zote: tangu hapo akaunti ya mama mwingine ilitaka kutekwa, akapiga kelele mapema, na hakuna shilingi iliyoondoka.

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao iliyotiwa saini Mei 2018, na utapeli ni kosa la jinai. Ripoti kwa polisi, chukua nambari ya OB, tunza jumbe zote. Ila polisi huja baada ya wizi. Kabla yake ni wewe.

Basi ndugu msomaji, usiache haya yabaki kuwa hadithi ya mama wa samaki. Leo hii kabla hujalala, weka ile hatua ya pili kwenye WhatsApp, toa kitambulisho ndani ya kava, na ubadilishe nambari ya siri kama ni mwaka wako wa kuzaliwa. Ukimaliza, chukua simu ya mama yako au ya shangazi yako umfanyie hivyohivyo, ukimweleza polepole na bila dharau. Na mtu yeyote akikuambia ufanye jambo la pesa kabla hujakata simu, kata simu.